Wolter Ashuka Garini

Wolter Nijland alimuoa dada yangu Geesje mwaka uleule aliposhinda kwa mara ya kwanza pale Zandvoort, uwanja wa mbio za magari wa Uholanzi ulio kando ya bahari. Majirani zetu huko mkoani Drenthe wakanong'ona kwamba binti wa watu kaolewa na marehemu mtarajiwa. Hakufa. Alivunjika mguu mara mbili, mbavu sikumbuki mara ngapi, akapoteza meno mawili ya mbele, na kila alipopona alirudi kwenye usukani. Mimi nilikuwa fundi wake tangu enzi zile tulipokuwa tukifungua injini ndani ya zizi la baba yake, ng'ombe wakitutazama.

Kwa miaka kumi na mitano aliendeshea timu za wengine: Wabelgiji, Wajerumani, mwishoni Mholanzi mwenzetu mmoja mfanyabiashara wa maua. Alishinda sana. Lakini kule juu kabisa, kwenye magari ambayo dunia nzima huyatazama, hakufika. Waliwahi kumwita kumjaribu siku moja. Alikuwa mrefu mno, magoti yakawa yanagonga usukani kila kona. Alirudi akilisimulia jambo hilo kama kichekesho, ila Geesje aliniambia alikaa siku nne hasemi na mtu.

Mtu wa maua alipochoka na mbio akaivunja timu, Wolter alikuwa na miaka thelathini na tisa.

"Basi, shemeji," akaniambia, "sasa nakuwa bosi wangu mwenyewe. Wa kunifukuza kazi hajazaliwa."

Tukaanza na gari moja. Kiwanda cha unga wa viazi cha huko kwetu kikakubali kutulipa ili jina lake liandikwe ubavuni mwa gari. Mbio tulizoingia zilikuwa za saa sita, na kila gari huendeshwa na madereva wawili kwa kupokezana, kwa hiyo Wolter akatafuta mwenzake. Alimpata Fenna Oosterhuis wa Groningen, binti wa nahodha wa mashua za mizigo za mferejini, umri miaka ishirini na minne. Maneno yake yalikuwa machache. Muda wote alitafuna pipi nyeusi za chumvi, hata akiwa amevaa kofia ya mbio.

Tangu msimu wa kwanza Fenna alikuwa mwepesi kuliko bosi wake. Mwaka wa pili alimzidi sekunde moja kila mzunguko, wa tatu karibu mbili. Mtu wa kawaida anaweza kupiga chafya sekunde mbili zikapita asijue. Uwanjani, ukizirudia mzunguko baada ya mzunguko, gari la mbele huwa halionekani tena. Muda wa kila mzunguko nilikuwa nikiuchapa mimi na kumkabidhi Wolter karatasi, naye kila mara alikuwa na lake: tairi zilikuwa za zamani, tangi lilikuwa limejaa, upepo umeleta mchanga barabarani.

Jumapili moja ya vuli, wiki mbili kabla ya mbio za kufunga msimu wa tatu, tulikuwa kwa Geesje tukinywa supu ya njegere. Dada akanigeukia.

"Harm, wewe ungekuwa na timu, dereva anayechelewa sekunde mbili ungemfanya nini?"

Nikajifanya supu ni ya moto. "Inategemea."

"Inategemea nini? Nimepika njegere, sikupika mafumbo. Sema!"

"Mwache shemeji ale," Wolter akasema.

"Atakulaje naye anakuogopa? Timu nzima inakuogopa, ndiyo maana kila siku nyie ni wa tano."

Wolter akaweka kijiko chini. Akanitazama mimi, si mkewe. "Haya, sema."

Nikasema. "Fenna anakuzidi. Mwaka juzi alikuzidi, mwaka jana alikuzidi, mwaka huu ndiyo usiseme. Si tairi, bwana."

"Ulijua tangu mwaka juzi?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Kila mara nilipokuletea karatasi uliikunja kabla hujaisoma. Ningekuambia saa ngapi?"

Akainuka, akavaa koti, akatoka. Geesje akanimiminia supu nyingine bila kuniuliza. Kwa wiki mbili Wolter alizungumza nami habari za boliti na mafuta tu.

Mbio zenyewe zilikuwa Zandvoort. Kanuni ilitaka kila dereva aendeshe walau saa moja na nusu. Mpango wa Wolter ulikuwa Fenna aanze, yeye ashike saa mbili na nusu za katikati, kisha Fenna amalizie. Fenna alimwachia gari likiwa la pili. Baada ya saa nzima lilikuwa la nne, na wa tano alishaonekana kwenye kioo.

Redioni nikamsikia: "Shemeji, nipe muda wangu wa mzunguko."

Nikampa.

"Na wa Fenna, alipokuwa na tairi za umri huu huu?"

Nikampa huo pia.

"Muda wangu wa lazima umebaki kiasi gani?"

"Dakika ishirini na mbili."

"Zikiisha naingia. Mwambie Fenna avae kofia."

"Mpango ulikuwa—"

"Harm. Mwambie avae kofia."

Aliingia kwenye kituo cha mafundi. Akajivuta nje ya gari na miguu yake mirefu ile, akamfungia Fenna mikanda kwa mikono yake, akapiga paa mara moja, gari likaondoka. Kisha akasimama ukutani na glovu zake, hazivui. Hakuna aliyemsogelea. Tulikuwa na kazi, na hata tusingekuwa nayo, tungemwambia nini?

Fenna alimpita wa tatu, halafu wa pili. Wa kwanza hakumfikia. Zilibaki sekunde nne. Hatukuwahi kumaliza mbio tukiwa wa pili kabla ya hapo.

Fenna aliposhuka, Wolter alikuwa wa kwanza kumfikia. "Kona ya tatu unawahi mno breki," akamwambia. "Ningekuwa mimi ningempita yule."

Fenna akahamisha pipi shavuni. "Ungekuwa wewe, bosi, sasa hivi tungekuwa tunagombania nafasi ya saba."

Wolter akamkodolea macho, kisha akaangua kicheko mpaka meno yake ya bandia yakacheza.

Lakini baridi ya mwaka ule haikuwa ya kucheka. Wiki tano hakukanyaga gereji. Alikuwa shambani kwa baba yake akichimbua mitaro isiyohitaji kuchimbuliwa. Aliporudi alikuwa bosi msumbufu kupindukia, anaongea redioni kila kona, mpaka Fenna akachomoa waya akaendesha saa nzima akiwa kiziwi. Siku ile walifokeana mbele ya timu nzima. Baada ya hapo Wolter akajifunza kunyamaza, na baada ya miaka miwili tukachukua ubingwa, Fenna akiendesha pamoja na kijana mmoja wa Zeeland.

Leo timu ina magari manne, na vijana wanaokuja kuomba kazi humjua Wolter kama mwenye timu tu. Juzi, tukiwa Zandvoort, nilimuuliza kama anaukumbuka usukani.

"Kila bendera ya kuanzia ikishushwa, hata runingani," akasema, "mguu wa kulia unakanyaga wenyewe. Geesje analalamika nampiga teke chini ya meza."

Akaenda kukagua tairi za mvua, maana mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa baharini.