Simu ya Lebusa

"Simu yangu ina akili kuliko nusu ya walimu wa shule hii," alisema Lebusa, akailaza kwenye beseni polepole kama mtu anayelaza mtoto.

Wenzake walicheka. Simu yenyewe haikuwa hata na akili ya kuwaka. Mwezi wa tatu ilimponyoka mtoni alipokuwa akinywesha ng'ombe wa mjomba wake, ikaopolewa maiti. Lakini mwaka ule, pale Quthing, shule ilikuwa imeruhusu simu darasani. Mwenye simu alikuwa mtu, asiye nayo alihesabiwa pamoja na viti, na Lebusa hakuwa tayari kuwa kiti.

Kila asubuhi simu zote ziliwekwa kwenye beseni mezani kwa Ntate Sekhonyana, yaani Bwana Sekhonyana, mwalimu wa biolojia. Kipindi kikianza, kila mmoja anachukua yake na kuketi na asiye nayo. Mwenye simu anatafuta majibu na kuyasoma, mwenzake anayaandika kwenye daftari lake. Jioni mwenye simu ananakili kwake, na mwisho wa muhula madaftari yote mawili yanasahihishwa. Lebusa akapangiwa Nthofeela.

Nthofeela alikuwa binti mkimya, mwandiko wake kama wa kupigwa chapa. Karo yake ililipwa na akina mama wa kanisa kwa sharti moja tu: asifeli somo hata moja. Akifeli, msaada unahamia kwa mtoto mwingine, na watoto wa kuupokea walikuwepo tele.

Siku ya kwanza alichungulia akauliza mbona kioo ni cheusi.

"Nimepunguza mwanga, nabana chaji," Lebusa alimjibu. "Wewe andika, dada. Mambo ya mitambo niachie mimi."

Akakunja uso kama msomi, akaanza kusoma kisichokuwepo. Moyo wa chura, alisoma, una vyumba vinne, na kimoja hufungwa wakati wa baridi. Popo hutaga mayai mawili, hazidishi. Nthofeela aliandika yote, akapiga mstari chini ya kichwa cha habari kwa rula.

Jioni Lebusa hakunakili kwa Nthofeela. Alikwenda bwenini kwa jamaa mwenye simu hai, akaazima daftari, akaandika majibu ya kweli. Hapo ndipo alipoona jinsi alivyomlisha mwenzake pumba. Alikusudia kumwambia. Lakini kumwambia majibu ni mabovu ni kumwambia simu ni mfu, na simu ikifa, Lebusa naye anarudi kundi la viti. Akasema atamwambia kesho. Hizo kesho zikajaza muhula mzima.

Matokeo yalipotoka, Lebusa alipata sabini na moja. Nthofeela alipata ishirini na mbili. Ntate Sekhonyana alisoma habari za chura mbele ya darasa, watu wakacheka hadi wakajifuta machozi. Lebusa alicheka kuwashinda wote. Angefanyaje, na yeye ndiye aliyemtunga chura mwenyewe?

Ripoti ilikwenda kanisani. Wiki ya pili jibu likaja: nafasi ya Nthofeela imeshapewa mwingine.

Nthofeela alikuja ofisini kurudisha vitabu. Ntate Sekhonyana alivipokea, akamuuliza kwa masikitiko ni kitu gani kilimpata, mtoto wa akili kama yeye. Nthofeela akasema aliandika alichosomewa, hakuongeza wala kupunguza. Basi Lebusa akaitwa.

"Mimi nilimsomea sawasawa, Ntate," alisema Lebusa. "Labda alikuwa anasikia vyake. Daftari langu si unaliona?"

Mwalimu akasema kazi ni ndogo. Simu hutunza yote yaliyotafutwa, kwa hiyo waiwashe waone. Lebusa akadai imeisha chaji. Mwalimu hakubishana naye. Aliituma getini kwa 'M'e 'Malineo, mama aliyekaanga makoenya, maandazi ya kule, na kuchaji simu za watu kwa umeme wa jua, akaagiza irudi ikishapata kidogo.

Dakika tano hazikupita. 'M'e 'Malineo aliingia mwenyewe, blanketi begani, vidole vina unga. Lebusa akaanza kueleza jambo juu ya mtandao, hakuna aliyemsikiliza. Mama yule aliiweka simu juu ya meza, akaing'oa mfuniko wa nyuma kwa ukucha. Ndani mlikuwa mtupu, betri haimo.

"Ntate, mnanituma nichaji nini?" aliuliza. "Hii betri yake ninayo mimi tangu mwezi wa nne. Niliikausha, ikafaa simu nyingine."

Mwalimu akamuuliza aliitoa wapi. 'M'e 'Malineo akamgeukia Lebusa, akamtazama kama anayeshangaa kuulizwa jambo ambalo kijana mwenyewe analijua.

"Si huyu mwanangu aliniletea? Akasema simu imekufa maji, haina kazi tena. Nikampa makoenya manne, akayala palepale getini."