Mkaja wa Kibibi

Shangazi Fatu hakuwahi kukosea, kwa maelezo yake mwenyewe. Miaka arobaini alizalisha wanawake wa Ujiji, na kila aliyejifungua mikononi mwake alimkanda kwa maji ya moto, akamnywesha uji wa pilipili manga, kisha akamfunga mkaja, ule utepe mrefu wa kanga unaozungushwa tumboni mpaka mzazi apumue kwa adabu. Basi aliposikia kwamba sungura wa Safina, binti wa marehemu kaka yake, amepasuliwa na kutolewa kizazi, alibeba kikapu chake akaja bila kuitwa.

Safina hakuwa na nguvu za kumkataza. Tangu juzi hakuwa amelala usingizi wa kuitwa usingizi, zaidi ya kusinzia ameegemea ukuta. Daktari wa mifugo, Selestini, mtu aliyezoea mbuzi na mbwa, alikuwa amemwambia wazi kwamba kupasua ilikuwa kazi ndogo.

"Binadamu akipasuliwa tunamnyima chakula mpaka atoe hewa," alisema huku akinawa mikono. "Huyu ni kinyume chake. Tumbo la sungura likisimama, ndiyo basi. Mlishe kila baada ya saa mbili, hata akikataa. Ponda majani ya viazi mpaka yawe rojo, msukumie kwa bomba la sindano, taratibu, pembeni mwa mdomo. Na uangalie choo. Nakupa siku mbili. Zikipita hajapata choo, mama, sitakuwa na la kukwambia."

"Na kidonda?"

"Asikirambe. Mvalishe kitambaa laini, kilegee. Basi."

Siku mbili hizo zilikuwa zinaisha leo jioni, na kwenye boksi la Kibibi, sungura wake, hapakuwa na hata punje ya choo.

Majirani walishangaa kuona mtu mzima anahangaikia mnyama ambaye wao wangemuunga kwa mawese. Wasamehewe, hawakujua. Miaka miwili iliyopita Safina naye alilazwa, akatolewa kizazi akiwa na miaka thelathini na minne. Haruna, mumewe, alimsubiri mpaka kidonda kikafunga, maana adabu hiyo alikuwa nayo, kisha akaenda Kagunga kuoa. Mwezi uleule mteja mmoja wa dagaa akamletea Safina kitoto cha sungura, akasema ni kitoweo. Safina alikitazama, akakosa moyo wa kushika kisu. Tangu hapo Kibibi ndiye aliyekimbilia mlangoni akisikia ufunguo. Alimpenda, hakuna namna nyingine ya kulisema. Na Selestini alipomminya mnyama yule tumboni na kutamka kwamba ana uvimbe kwenye kizazi, Safina alikaa chini sakafuni palepale, mbele ya watu na mbuzi wao.

Asubuhi ya leo ilimbidi aende mwaloni Kibirizi. Dagaa wake wa kuuza walikuwa kwenye chanja za kuanikia tangu juzi, wakigeuzwa na wenzake, na wenzake nao wana dagaa wao. Kabla ya kutoka alimweleza shangazi mara tatu: rojo lile pale, bomba lile pale, kila baada ya saa mbili.

"Unanifundisha kuuguza?" Shangazi Fatu aliuliza.

"Hapana, Shangazi."

"Haya, nenda."

Alirudi saa tano, miguu imejaa mchanga na mgongo unamwaka. Shangazi alikuwa kwenye mkeka na tasbihi yake. Kibibi alikuwa amejikunyata kwenye pembe ya boksi, macho nusu wazi, akisaga meno polepole. Selestini alishamwambia kwamba sungura akisaga meno hivyo anaumwa. Rojo lilikuwa limemkaukia kidevuni.

"Hataki," shangazi alisema. "Kila nikimpa anageuza uso."

"Jana alikuwa anameza."

"Jana ni jana."

Safina alipiga magoti akainua kile kitambaa laini cha daktari. Chini yake palikuwa na utepe wa kanga, umezungushwa mara nne, umekazwa, umebanwa kwa pini. Tumbo la mnyama lilikuwa limegawanyika mafungu mawili.

"Shangazi, hiki ni nini?"

"Mkaja. Ulitegemea nini? Tumbo limetolewa kitu, limebaki tupu. Lisipofungwa linaingia upepo. Wewe mwenyewe nilikufunga hivyohivyo, ukapona."

Safina alishikwa na hasira, na zilimshangaza kwa sababu alidhani amechoka mno hata kukasirika. Alishika pini.

"Usifungue, utamharibia."

"Nafungua."

Katika umri wake wote hakuwahi kumjibu mwanamke yule namna hiyo. Mzunguko wa mwisho ulikuwa umegandia kwenye nyuzi, akaulowanisha kwa maji ya vuguvugu mpaka ukaachia. Ubavu wa Kibibi ukatanuka, ukarudi, ukatanuka tena.

"Kumbe unanidharau," shangazi alisema nyuma yake.

"Sikudharau. Iliniuma."

"Nini kilikuuma?"

"Mkaja wako." Safina hakugeuka. "Siku kumi na nne, Shangazi. Kupumua siwezi, kula siwezi. Ukienda kuswali nilikuwa nauma pindo la shuka nisisikike. Nesi alisema nisibanwe, nikakuficha hilo."

Nje mtu alipita akinadi samaki. Shangazi Fatu aliiweka tasbihi chini.

"Mbona hukusema?"

"Haruna alishahamia chumba cha uani. Mama hayupo. Nilikuwa nimebakiwa na wewe tu. Niliogopa nikisema, na wewe utaondoka."

Shangazi aliuokota ule utepe, akaukunja, akautia kikapuni. Hilo peke yake lingetosha kuwaita majirani.

Safina alimpigia Selestini simu, akamweleza yote bila kumtaja aliyefunga. "Ego, mama," daktari aliitikia kwa Kiha, na sauti yake haikuwa ya kutia moyo. "Mpashe joto. Msugue ubavuni kwa kidole, mbali na nyuzi. Mpe ile dawa ya maumivu, kisha ukae kidogo ndipo umlishe. Tusubiri."

Wakasubiri. Shangazi Fatu hakuondoka. Alichemsha maji, akayatia kwenye chupa, akaizungushia taulo na kuiweka karibu na mgongo wa mnyama. Akaketi uani na kinu kidogo cha kupondea vitunguu saumu, akaponda majani ya viazi, akayachuja, akayaponda tena. Aliyaleta mlangoni na kuyaweka pale, asiingie mpaka aitwe. Safina alishika bomba. Tone, angoja. Tone, angoja. Matone ya kwanza yalimwagika yote. Kuna wakati, mkono umekufa ganzi na kichwa kinamwangukia kifuani, aliomba Kibibi afe tu, afe sasa hivi, ili yeye alale. Halafu aliona haya mbele ya mnyama, akajaza bomba tena. Kwenye bomba la tano Kibibi alitafuna.

"Nipe mimi," shangazi alisema kutoka mlangoni. "Nionyeshe unavyoshika."

Safina alimwonyesha. Vidole vile vilivyopokea nusu ya Ujiji viliushika mdomo wa sungura kana kwamba ni mara ya kwanza kushika kiumbe hai. Safina alijilaza kwenye mkeka, akisema moyoni ni kwa dakika tano.

Aliamshwa baada ya alasiri.

"Safina. Njoo uone."

Kwenye kona ya boksi, juu ya nyasi kavu, palikuwa na punje nne, ndogo na ngumu kama mbegu za papai. Kibibi alikuwa amezipa mgongo na anavuta jani, mwenyewe, bila kushikwa na mtu. Safina alizihesabu mara mbili. Kisha akalia, kwa sauti, na hakutafuta cha kuuma.

Shangazi alimwacha alie. Alikuwa bado amepiga magoti, bomba mkononi, anautazama ule mshono mfupi tumboni mwa sungura.

"Na wale wengine?" aliuliza.

"Wepi, Shangazi?"

"Wa kisu. Niliowafunga wametoka kupasuliwa. Hakuna hata mmoja aliyeniambia."

Safina alifuta uso kwa ncha ya mtandio. Hakuwa na nguvu za kudanganya. "Sijui. Labda nao waliogopa."

"Melania, mke wa Pazi," shangazi alisema. "Huyo alilia. Nikamwambia anadeka." Akaliweka bomba chini. "Esther wa Rusimbi. Alikuwa mdogo, miaka kumi na tisa. Nilimkaza mara mbili kwa sababu hakusema kitu. Nasma, na mdogo wake Nasma..."

Aliendelea kuwataja, mmoja mmoja, taratibu, na kila jina alilikumbuka. Safina alikuwa amesharudi kwenye mkeka na usingizi umemchukua, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumwambia inatosha.