Damu ya Farasi Wawili

Kwa siku tatu Murga, farasi jike wa Saveta, alikuwa amekigandamiza kichwa ukutani mwa banda kana kwamba anataka kuuangusha. Hakula chochote. Akivutwa, huzunguka duara, hujikwaa, kisha hurudi palepale. Saveta alimfunua mdomo akakuta ufizi umegeuka manjano.

"Ana kichaa cha mbwa huyo," alisema jirani yake Costan, kasimama nje ya uzio. "Mpige risasi. Au unangoja akuzike?"

"Nenda kwako, Costan."

Tangu mume wa Saveta afariki, Murga na mwanawe, farasi dume Surul, ndio waliomlimia na kumvutia kuni kutoka msituni. Hakuwa na wengine. Akampigia simu daktari wa mifugo, Dokta Pintea.

Dokta alitoa damu shingoni mwa Murga, kisha akamgeukia Surul.

"Huyo mzima," Saveta alisema. "Si unaona anavyong'aa?"

"Ini halilalamiki mapema, mama. Laweza kuharibika nusu nzima na mnyama bado anarukaruka. Damu ndiyo husema kwanza."

Kesho yake adhuhuri simu ililia; alikuwa dokta.

"Kaa kwanza, Mama Saveta."

"Nimekaa," alisema, naye amesimama.

"Si kichaa cha mbwa. Damu ya Murga imejaa nyongo, na vipimo vyote vya ini vimepanda mno. Ini limekwisha, sumu imemfika kichwani."

"Na Surul?"

"Vyake navyo vimepanda, ila si kama mama yake. Unawalisha nini?"

Saveta alitazama lundo la nyasi kavu kupitia dirishani. Kiangazi kilichopita alikuwa amefyeka konde la kando ya kijito, ambalo wenyewe walihamia Italia, akashukuru kupata malisho ya bure. Lilikuwa limejaa maua ya manjano. Alipoyaeleza, dokta alimfafanulia: mmea ule ukiwa mbichi ni mchungu, farasi huukwepa, ukikauka uchungu hupotea, sumu hubaki.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema Saveta.

"Hukujua, mama."

"Lakini ni mimi."

Alasiri dokta alikuja na sindano ya mwisho. Saveta alikipakata kichwa cha Murga hadi kilipokuwa kizito, na hata hapo hakukiachia. Ilibidi dokta amshike makwapani na kumwinua.

Kisha Saveta akachoma nyasi zote, chakula cha majira mazima ya baridi, huku Surul akilia bandani kwa njaa na Februari haijafika hata nusu.

Costan alileta mzigo mmoja wa nyasi kavu kwa sleji, gari la kuteleza juu ya theluji. "Usinishukuru. Sina wa pili."

Saveta akabisha mlango baada ya mlango, yeye ambaye hakuwahi kuomba hata chumvi. Wapo waliompa fungu, wapo waliochungulia pazia wasifungue.

Baada ya wiki sita dokta alimtoa Surul damu tena. Vipimo havikupanda wala havikushuka.

"Maana yake nini?"

"Maana yake tungoje, mama."

Saveta alijifunga kitambaa kichwani, akachukua kamba na gunia, akaenda kuomba nyasi kijiji cha pili, ambako hakuna aliyemjua.