Nyumba Moja ya Msiba

Michirizi kwenye karatasi ilifanana mno. Edite Correia aliigeuzia mlangoni penye mwanga, akaigeuza tena, kana kwamba mkao ungebadili ukweli. Alama zake kumi na mbili za vinasaba, kazi ya miaka mitatu, zilipaswa kumtofautisha kasa mmoja na mwingine. Sampuli arobaini, na karibu zote zilirudia urefu ule ule wa vipande vya vinasaba. Kesho mashua ingemrudisha Bissau kukiri kwamba alama hazifai, na wafadhili wangefunga mkoba.

"Kaa, Daktari. Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga," alisema Quintino, akiumwagia wali mafuta ya mawese. Alikuwa mlinzi wa kisiwa kitakatifu cha jirani. Edite, mgeni kwa Wabijagó, wenyeji wa visiwa hivyo, hakuruhusiwa kukikanyaga. Quintino ndiye aliyemwokotea vitoto vya kasa vilivyofia mchangani.

"Vile vitoto uliviokota wapi?"

"Ufukweni, kwani wapi tena?"

"Ufukwe mzima?"

Quintino akacheka. "We! Nipite nyumba za watu nikibeba maiti zao? Shimo moja tu. Msiba haubishiwi hodi kila mlango."

"Arobaini, mama mmoja! Mbona hukuniambia?"

"Ulitaka arobaini. Nyumba ngapi, hukusema."

Hakusema, kweli. Hasira ilikosa pa kutua. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Edite aliketi, akaisoma karatasi upya. Katika kila alama, kila kitoto kilibeba urefu mmoja kati ya miwili ya mama. Upande wa pili ulitoka kwa madume: wawili, pengine watatu. Alama hazikuwa pofu. Ziliitambua familia, naye akaiita kosa.

"Na nikitaka nyumba arobaini?"

Quintino aliacha kula. "Hapo mimi simo. Wapo kina mama wenye kisiwa. Utawapelekea mvinyo wa korosho, utakaa, utasema shida yako. Wanaweza kukataa."

"Mashua je?"

"Itaondoka bila wewe."

"Wataniuliza nini?"

"Kwanza? Wewe ni nani kwa marehemu."

Kwa wale arobaini Edite angeweza kutaja mama, baba na ndugu wa kambo. Alijitafuta kati yao, asijione. Kisha akainuka, akauliza mvinyo unauzwa wapi.