Aliyeficha Mkate

Selwyn, mwanangu, alinipa sharti moja: baba yake akiiongoza meza ya Pasaka yetu Wayahudi mwanzo hadi mwisho bila kupotewa na kumbukumbu, atabaki nyumbani. Akishindwa, Jumatatu anapelekwa kwenye nyumba ya kulelea wazee. Mtoto nimemzaa mwenyewe, leo ananiwekea masharti!

Nikamwalika Mothibi na mkewe, majirani zetu Watswana, maana mbele ya wageni Leibel wangu hujikaza. Na kweli alijikaza. Alisoma kitabuni habari za wazee wetu kutoka Misri, hakuruka mstari. Akauvunja mkate usiotiwa chachu vipande viwili, kimoja akakificha kama kila mwaka, ili mjukuu wetu Tali akitafute baada ya kula. Nikamtania Mothibi, "Ukiona kinapofichwa, funga mdomo. Mkubwa hasemi." Akacheka.

Tukala. Nikaanza kupumua.

Tali akapekua makabati, matakia, hata ndani ya piano. Hola. "Babu, nimeshindwa. Kiko wapi?"

Leibel akamkodolea macho. "Nini?"

"Mkate, Babu. Ule uliouficha."

"Mimi? Sijaficha kitu."

"Acha utani, Baba," Selwyn akasema. "Bila kile kipande hatuwezi kumaliza."

"Nimesema sijaficha!" Akapiga meza, divai ikamwagika. Kisha akalia mbele za watu, mume wangu ambaye hakulia hata siku tuliyomzika mama yake. Nikamshika mkono. Nikasema tutumie kipande kingine, sheria inaruhusu, lakini Selwyn alikuwa ameshafunga kitabu.

Mothibi jasho linamtoka. "Mama Selwyn, nisamehe. Kiko kwangu." Akakitoa mfukoni mwa koti lake, kimefungwa kwenye leso. "Alinitilia humu, akanikonyeza. Nawe ulisema mkubwa hasemi. Nilidhani ndio mchezo wenyewe."

Ningemlaumu vipi? Adabu yake ndiyo iliyotumaliza.

Leibel akafuta machozi, akakipokea, uso ukamchangamka. "Mfukoni mwa mgeni! Lo! Aliyeficha humu ni fundi kwelikweli! Hebu semeni, ni nani?"

Selwyn akainamisha kichwa. Tali akataka kusema, nikamkanyaga mguu chini ya meza.

"Ni nani, jamani?" Leibel akauliza tena, akitutazama mmoja mmoja, anacheka.