Madoa Ndani ya Jiwe

"Mungu wangu, mzee Nestory! Umeyafuta?"

Bi Sauda, mtaalamu wa miamba, alikigeuzageuza kile kipande cheusi cha jiwe, akakiweka kwenye meza ya maabara yake. Nestory alitamani ardhi ipasuke immeze. Miaka ishirini na sita alisugua mawe ya makaburi hapa Sumbawanga, na kwenye kaburi la mtu doa jeupe ni aibu. Ndugu wa marehemu watakukatalia kazi mchana kweupe. Basi hili jiwe la volkano, lililoletwa kutoka milima ya Rungwe, aliliona lina madoa meupe kama maua, akayachimbua moja moja, akasugua mpaka likang'aa. Kumbe ndiyo yaliyotakiwa!

"Jiwe hili ni kioo, mzee," Sauda alisema. "Lava iliganda haraka, chembe zake hazikuwahi kujipanga. Baada ya maelfu ya miaka ndipo zikaanza kujipanga polepole, uzi baada ya uzi, kutoka nukta moja. Hilo ndilo ua."

"Nisamehe, mwanangu. Mazoea yana taabu."

Kilibaki kipande kimoja tu. Leo ilikuwa siku yake ya majaribio, na daktari alishamwambia aachane na vumbi la makaburi, la sivyo kifua hicho kimekwisha. Hapa jiwe husagwa kwa maji, vumbi hakuna. Aliitaka kazi hii, jamani, aliitaka kweli.

"Nipe hicho. Nikikiharibu, nitajifukuza mwenyewe."

Akakibandika kwa gundi kwenye kipande cha kioo, akakisaga kwa unga wa kusagia na maji, akihesabu mizunguko kwa Kifipa kama alivyofundishwa na baba yake. Saa sita ikapita, saa nane ikapita. Jiwe likawa jembamba kuliko unywele, mwanga ukaanza kupenya, weusi wake ukafifia kama chai iliyozidi maji. Mara nne alitamani kusugua kidogo tena. Mara nne akauzuia mkono.

Sauda alikiweka chini ya hadubini yenye vichujio vya mwanga, akainama.

"Njoo uone."

Nestory akatia jicho. Jiwe lote lilikuwa giza tupu, maana vichujio vilizima mwanga wa kioo, na katikati ua linawaka, ndani yake msalaba mweusi.

"Sasa zungusha hicho kimeza kilichobeba jiwe."

Akakizungusha. Nyuzi zikapita zikimeta, lakini msalaba ukabaki umesimama palepale.

"Nyuzi zimetawanyika sawa pande zote, ndiyo maana hauhami. Jumatatu uje saa mbili asubuhi," Sauda alisema.

Nestory alikuwa anazungusha tena.