Alikuwa Anakuja Kwangu

Wakili alisema hoja imepatikana, na mume wangu akapiga meza kwa furaha hadi chai ikamwagika. Hoja yenyewe ilikuwa mimi.

Mahakama ya kwanza ilimtia hatiani kwa kuendesha gari akiwa amelewa, ikamfungia leseni miaka miwili. Dereva bila leseni ni kinyozi bila mikono, na kampuni ilikwishamwambia akae nyumbani mpaka rufaa isikilizwe. Sasa wakili alikuwa amegundua kwamba usiku uleule aliokamatwa, mimi nililazwa hospitali. Mimba yangu ya miezi mitano iliharibika. Kumbe basi mume wangu hakuwa mlevi barabarani, alikuwa mume mwema anayemkimbilia mkewe!

Tangu nitoke hospitali hakuwahi kuitaja mimba ile hata kwa bahati mbaya. Leo ndiyo imeonekana ina faida.

Mazoezi ya ushahidi wangu yalifanyika sebuleni kwa mama mkwe, yeye mwenyewe akiigiza jaji. Mume wangu alijinyoosha kwenye kochi akimung'unya pipi za mnanaa. Alianza kuzinunua alipokamatwa, na sasa nyumba yetu nzima inanuka mnanaa, na chini ya mnanaa inanuka pombe.

"Mwanangu, funika kombe mwanaharamu apite," mama mkwe aliniambia. "Akikosa kazi huyu mtakula nini? Hizo pasi zako za kwa dobi?"

"Lakini mama, mimi nilipelekwa na jirani kwa pikipiki. Mwanao nilimwona kesho yake jioni."

"Hayo hakuna atakayekuuliza," wakili alidakia. "Mimi nitakuuliza moja tu. Ulipompigia simu, alikujibu nini? Wewe sema, alinijibu, 'Nakuja, mke wangu.' Basi."

"Na ukilia kidogo si vibaya," mama mkwe akaongeza.

Mume wangu akacheka, pipi ikagonga meno. "Eti, kwani hasa nilikujibu nini? Maana siku ile nilikuwa nimekata maji, hata hiyo simu siikumbuki."

Wote watatu wakaangua kicheko, na wakili akapangusa machozi kwa tai yake. Hakuna aliyesubiri nijibu.

Siku ya rufaa nilimpigia pasi shati jeupe. Kunyoosha kola ndiyo kazi yangu, na ile niliinyoosha mpaka ikasimama yenyewe, huku natamani kuitemea mate badala ya kuinyunyizia maji. Alipolivaa alijitazama kwenye kioo akajisifu kwamba amependeza.

Jaji alikubali kupokea ushahidi mpya. Nikaapa. Mama mkwe alikuwa safu ya mbele, leso tayari mkononi, na wakili akauliza swali lake kwa sauti ya msibani.

"Ulipompigia simu mumeo, ukamwambia unatokwa damu, alikujibu nini?"

Nilimtazama mume wangu. Pipi ilikuwa inahama kutoka shavu hili kwenda lile. Akanikonyeza.

"Alinijibu, 'Jifunge khanga ulale, mpira haujaisha,'" nilisema. "Nikapiga tena. Akasema wanahamia baa nyingine na wenzake, nisimtie aibu."

Wakili aliketi bila kuambiwa. Jaji akaniuliza kama nina hakika ninajua ninachokisema, maana ushahidi huu unamwangusha mume wangu mwenyewe. Nikamwambia maneno yale nayasikia kila nikiweka kichwa kwenye mto.

Rufaa ilitupwa. Tulipotoka nje nilijiandaa kwa matusi, hata nilikuwa nimeshika mkoba kifuani. Mama mkwe alitupita sote wawili akatangulia barabarani. Mume wangu alikuwa ameacha kumung'unya. Alinitazama kama mtu anayepashwa habari ya kifo, na kwake, asiyeikumbuka simu ile, kweli ilikuwa habari mpya.